Zamu ya Ubaya

Sisi watu wa Goma tuna kitu kimoja cha kujivunia mbele ya dunia: kukimbia tunajua. Tumekimbia volkano, tumekimbia waasi, tumewakimbia hata wale waliotumwa kutukinga na waasi. Mwaka wa 2021, mlima ulipotapika tena na serikali ikaamuru mitaa yetu ihame, tulihama kama wazoefu, kila mtu na godoro lake kichwani. Kila nyumba inajua inaokoa nini kwanza. Swedi wa Mapendo aliokoa mashine ya kurekodia ya redio. Mke na mama yake mzazi aliwaacha mlangoni.

Yeye mwenyewe wakati huo hakusema hivyo. Alisema alitangulia kuangalia njia.

Mji ulipotulia watu wakarudi, lakini Nasiba, mke wake, hakufika Mapendo. Aliishia Kyeshero kwa kaka yake Mohamed, muuza matairi, akakaa huko. Mke kwenda kwa kaka yake si ajabu, wengi wetu yametukuta. Ajabu ni kwamba Bibi Sumaya, mama aliyemzaa Swedi, alibaki hukohuko na mkwe wake. Hilo mtaani kwetu halikuwahi kuonekana, na tulilijadili ipasavyo, kila mmoja akimwonea Swedi huruma kwa sauti ya kutosha ili asikie.

*

Swedi alikwenda kuwachukua siku ya Ijumaa baada ya sala, amevaa kanzu iliyopigwa pasi upande mmoja, mkononi kashika kifurushi cha samaki wadogo wa sambaza. Mohamed alimkaribisha vizuri, akamwita shemeji, kisha akamwekea kiti cha plastiki nje ya mlango. Ndani kulikuwa na makochi. Swedi aliyaona kupitia pazia, akajikalisha kwa uangalifu, maana kile kiti kilikuwa na mguu uliopasuka.

"Nimekuya kuwachukua," alisema.

"Na gari gani?" Sauti ya Bibi Sumaya ilitoka ndani.

"Mama, ile gari ya redio ilikuwa na nafasi ya mutu moya. Nilitangulia kuangalia njia, halafu nirudi."

"Njia ya Sake? Mimi natembea ile njia tangu niko mutoto. Iko vilevile."

Nasiba alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kutwanga. "Uliangalia njia mupaka Bukavu," alisema. "Hata ziwa ulivuka, sababu ya kuangalia njia."

Ni kweli. Gari lilipita Sake, tulikokimbilia wengi wetu, bila kusimama, likashuka Minova, na hapo Swedi na mashine yake wakapanda boti ya Bukavu. Mashine ililoa maji ya ziwa na haijawaka hadi leo. Wakati huo Nasiba alikuwa amemsihi mtu wa mkaa ampe chukudu yake, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili linalobeba viazi na mbao, na safari hiyo lilimbeba Bibi Sumaya na miguu yake iliyovimba. Nasiba akasukuma. Walipofika Sake, wakiwa wamelala kwenye uwanja wa kanisa na nusu ya mji, mtu mmoja alifungua redio ya simu yake. Wakamsikia Swedi akisema kutoka Bukavu, kwa ile sauti yake nzito ambayo wanawake wa mjini huisifu: "Wanaume, shikeni mikono ya wake zenu. Musiache wazee nyuma." Watu walipiga makofi. Bibi Sumaya alimtambua mwanawe, akajifunika kitenge usoni.

"Nasiba," Swedi alisema pale kwenye kiti, "tuko batu bazima. Rudi ku nyumba. Nakula maharagi ya kuungua."

"Sijakataa kurudi." Nasiba aliuweka mchi chini. "Nataka kitu moya tu. Sema kile ulifanya, vile ulikifanya. Hapana 'njia', hapana 'nafasi'. Siku utasema, nafunga vitu vyangu siku ile ile."

"Lakini nimesema..."

"Ulisema mu redio. Sake yote ilikusikia."

Swedi alisimama, na mguu wa kiti ukachagua wakati huo kukatika. Mohamed alisema haina neno, kiti kilikuwa cha zamani. Swedi alipofika barabarani alisikia mama yake akiita, akageuka kwa furaha kiasi cha kutia huruma.

"Ile sambaza," Bibi Sumaya alisema, "acha."

*

Sasa mtauliza huyu Swedi alikuwa nani hata asemeshe mji mzima. Alikuwa mwandishi wa mchezo wa redio uitwao *Chini ya Bati Moja*, habari za familia yenye matatizo: baba mlevi, wakwe wakorofi, watoto waliofukuzwa shule. Tuliupenda sana kwa sababu ulikuwa unasema matatizo ya jirani.

Lakini kwetu Goma huwezi kumwandika baba mlevi hivihivi. Watu watauliza ni mlevi wa wapi. Akiwa na jina la Butembo, wa Butembo watakuja redioni na ujumbe wa wazee. Akiwa wa Rutshuru, atapiga simu mpaka shangazi wa mkuu wa kituo. Kwa hiyo Damien, shefu wa vipindi, alibuni mpango ambao sisi wote tuliuona wa haki kabisa: ubaya ulikwenda kwa zamu, kama likelemba, ule mchango wa kupokezana wa akina mama wa sokoni. Msimu huu mwizi ni wa Masisi, msimu ujao mchawi ni wa Bukavu, unaofuata tapeli ni wa Butembo, na kila jamii ilipokea mtu wake mbaya kwa uvumilivu ikijua mwingine atapokea kesho. Hakuna aliyewahi kuuliza wema unakwenda kwa zamu ya nani.

Msimu huo ilikuwa zamu ya watu wa Maniema, Waislamu wa Mapendo na Birere. Ndio watu wa Swedi.

Na Swedi, akitoka Kyeshero na vumbi la kiti kwenye kanzu, alikaa akaandika episodi ya mwanamume aliyepanda gari siku ya kuhama akaacha mke na mama. Aliandika haraka, machozi yakimtoka, akiamini kuandika ni namna ya kusema. Alipofika kwenye jina, kalamu ikamkimbia kama yeye alivyokimbia. Akaandika: Valentin, mfugaji wa Masisi.

*

"Hapana," Zéphirin alisema kwenye mazoezi. Zéphirin alikuwa mtu wa milima ya Masisi, mpole, mwenye sauti ya ng'ombe dume, ndiye aliyepewa nafasi ya baba. "Zamu ya Masisi ilipita. Nilikuwa mwizi wa mbuzi msimu muzima. Mupaka leo batu banamuuliza mama yangu ile mbuzi ilienda wapi."

"Ni jina tu," Swedi alisema.

"Kama ni jina tu, weka lako."

 Philomène, aliyeigiza mke, naye wa Masisi, alikuwa akifunua kurasa. "Na mimi hapa kazi yangu ni nini? 'Analia.' 'Analia tena.' 'Analia kwa uchungu.' Swedi, huyu mwanamuke hana mudomo?"

Damien hakuwa na muda wa midomo. Wafadhili walikuwa wanamtuma Madamu Bénita kutoka Kinshasa apime kama mchezo unaonyesha jamii zote za mji, na kama hakuna inayopakwa matope. Asiporidhika, bati lenyewe litaezuliwa. "Tuondoe jina," Damien aliamua. "Baba asikuwe na jina. Asikuwe na kabila."

Wakaanza kumvua nguo yule baba. Hakuwa na jina, sawa. Lakini alikula viazi, na viazi ni Masisi. Wakampa fufu ya muhogo, mtu akasema hiyo ni Maniema, na Swedi ndiye aliyepinga kwa haraka kuliko wote. Wakamnywesha maziwa, wakaona ndio mfugaji wa Masisi kabisa. Mwishowe baba hakula. Alikuwa anasema "Inshallah", wakafuta. Wakaweka "Mungu asifiwe", wakafuta. Salamu zake zilifichua kwao, basi akawa haamkii mtu. Hadi jioni ile baba wa *Chini ya Bati Moja* alibaki mtu wa kukohoa na kufunga mlango wa gari, na hata mlango Damien aliuliza ni gari la aina gani.

"Sasa hakuna mutu atakasirika," alisema, akajipangusa jasho.

*

Walifanya majaribio kwenye ukumbi wa parwasi ya kanisa, waigizaji nyuma ya shuka wakisoma kwa mikro, vipaza sauti vya redio, sisi wasikilizaji kwenye mabenchi. Madamu Bénita alifika na viatu vya kisigino juu ya mawe yetu ya volkano, akatembea navyo kwa ujasiri, tukampenda papo hapo. Bibi Sumaya alikuja pia, kwa sababu hakuwahi kukosa episodi hata moja, na Nasiba akamleta. Swedi alipowaona kupitia tundu la shuka, alianza kurekebisha nyaya ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Mchezo ukapita. Zéphirin akakohoa, mlango ukafungwa, Philomène akalia, muziki, na mara familia iko Sake.

"Nawashukuru," Madamu Bénita alisema. "Sasa niambieni bila woga. Kila jamii imejiona? Kuna jamii iliyoonewa?"

Mzee mmoja alisimama. "Ile kikohozi," alisema, "ni ya mutu wa Kiwanja. Ni vumbi ya kule soko yao."

Mfanyabiashara wa maharagwe kutoka Kiwanja akasimama kabla mzee hajakaa. "Mutu wa Kiwanja anaweza kuacha bibi yake, siwezi bisha. Lakini mama yake? Kamwe!"

Ukumbi ulicheka, na mkewe, aliyekuwa pembeni yake, hakucheka. Wa Butembo akaapa kwamba kwao mwanamume akikimbia anabeba kwanza mali, kwa hiyo yule si wao, maana alikimbia mikono mitupu. Wa Bukavu wakasema kwao hakuna haja ya kukimbia, ndiko watu wanakokimbilia. Kila jamii ilisimama ikamkana yule baba, na kila iliyomkana ilipigiwa makofi na nyingine kwa kuonyesha umoja. Tulikuwa hatujaelewana hivyo tangu waasi walipotoka mjini. Tukafikia uamuzi wa pamoja kwamba mtu wa namna ile hawezi kuwa wa Kivu, lazima alitoka Kinshasa. Hapo Madamu Bénita aliacha kutabasamu.

Ndipo Nasiba akanyoosha mkono. Swedi nyuma ya shuka alishika waya akauachia.

"Madamu, mimi siulize kabila ya ule baba," Nasiba alisema. "Nauliza ule mama muzee. Tumesikia gari inaenda. Tumesikia muziki. Halafu tuko Sake. Ule mama muzee alifika Sake namna gani? Aliruka?"

Watu wakacheka. Nasiba akangoja wamalize.

"Na ule bibi analia. Analia njia yote. Mutu mwenye anasukuma chukudu ku kilima ya Mugunga, na juu yake kuko mutu, hana pumzi ya kulia. Atalia na pumzi gani? Kabila zote mumezitafutia nafasi. Huyu mwenye alisukuma, nafasi yake iko wapi?"

 Wanawake waliangalia mikono yao. Madamu Bénita aliguswa kweli, tuliona, na akauliza swali ambalo alilipwa kuuliza: "Mama, samahani, wewe ni wa jamii gani?"

"Ya kusukuma," Nasiba alisema.

"Na mimi ya kusukumwa," Bibi Sumaya akadakia, na ukumbi wote ukaanguka kwa kicheko.

Nasiba angeweza kunyoosha kidole kwenye lile shuka. Neno moja tu lingetosha, na mji mzima ungejua kikohozi ni cha nani. Hakusema. Alimshika Bibi Sumaya mkono, akamwinua taratibu, wakatoka. Swedi alitamani angemtaja. Kutotajwa kulimuuma vibaya sana, akajichukia kwa mara ya kwanza bila kujitetea.

*

Madamu Bénita alitaka episodi irekebishwe, mke apewe maneno. Kwa kuwa mashine iliyookolewa ilikuwa imekufa, mchezo ungekwenda hewani moja kwa moja. Philomène hakumngoja mwandishi. Alipanda pikipiki hadi Kyeshero, akakaa na Nasiba asubuhi nzima, akarudi na maneno yake kichwani.

Saa ya kipindi ilipokaribia, Zéphirin alimkabidhi Swedi karatasi. "Zamu ya nani?" aliuliza kwa upole.

"Ya Maniema," Swedi alisema.

"Basi."

Swedi akatoa kalamu. Pale palipokuwa na kikohozi akaandika jina lake na mtaa wake, na maneno yake ya siku zote, akasimama mwenyewe kwenye mikro. Damien, nyuma ya kioo, alishika kichwa kwa mikono miwili, lakini taa nyekundu ilikuwa imeshawaka.

"Swedi," Philomène alisema kwenye mikro, na haikuwa sauti ya kulia. "Mama miguu imevimba. Unaenda wapi na ile mashine?"

"Natangulia kuangalia njia," Swedi alisoma.

"Gari itarudi?"

"Itarudi."

Hapo kwenye karatasi mke alitakiwa kuaga. Philomène hakuaga. "Swedi. Gari itarudi?"

Zéphirin, asiye na kazi tena, alikohoa kwa mazoea. Swedi aliangalia karatasi, haikuwa na kitu cha kumsaidia. Akaigeuza kifudifudi.

"Haitarudi," alisema. Ile sauti nzito ilikuwa imemtoroka, iliyobaki ilikuwa nyembamba, ya mtu wa kawaida. "Shefu alisema mwenye anapanda, anapanda, hakuna kurudi. Nilijua. Niliogopa moto, nikapanda. Mama aliniita. Nilisikia. Nikapandisha kioo ya gari, sababu nisisikie tena."

 Philomène akasema maneno aliyotoka nayo Kyeshero: "Mama, panda hapa. Shika bega yangu. Twende."

Muziki ukaja kwa kuchelewa, kwa sababu fundi alikuwa anafuta macho.

*

Mafanikio yalikuwa makubwa, na hiyo ndiyo adhabu tuliyompa. Swedi alipopita Mapendo kesho yake, tulimshika mkono kila kona. "Umecheza, papa! Kama kweli!" Wanaume walimwambia wanawafahamu watu wa namna ile, wakataja majina ya majirani. Alipojaribu kusema haikuwa mchezo, tulimkonyeza. "Ndiyo, ndiyo, mafundi wote banasema vile." Wazee wa jamii yake walimwita wakamkaripia kwa kupaka Maniema matope hewani, wakamuuliza kwa nini hakumpa mtu wa Masisi. Madamu Bénita alituma pongezi kutoka Kinshasa: uwakilishi ulikuwa sawia, na mwandishi alionyesha ukarimu wa pekee kwa kuibebesha ubaya jamii yake mwenyewe.

Swedi alizisikia pongezi hizo akiwa uani anasugua sufuria ya maharagwe kwa jivu. Mwanamume amekiri mbele ya mji wa watu wasiohesabika, na mji mzima umemwambia usijali, unaigiza vizuri. Alicheka peke yake, kisha akaona haichekeshi.

"Ile sufuria uliiua," mtu alisema mlangoni.

Ilikuwa Nasiba, na furushi kichwani. Swedi alisimama na mikono yenye masizi.

"Ulisikia?" aliuliza.

"Nilisikia." Nasiba hakutua furushi. "Ile ya kioo sikuijua. Nilifikiri haukusikia mama akiita. Hata mama alifikiri vile. Alikuwa anakutetea mupaka jana."

 Swedi alitafuta kisingizio, kama alivyozoea kutafuta, na safari hii akaacha kutafuta. "Nilisikia," alisema.

Nasiba alilisawazisha furushi kichwani. Alikuwa bado na hasira, ilionekana wazi, na alikuwa amechoka kuishi kwenye makochi ya wifi. "Nilisema siku utasema, nafunga vitu," alisema mwishowe. "Nimefunga. Mama iko kule chini. Mwenye chukudu amekataa kupanda na haya mawe, anasema atavunja gurudumu. Nenda."

Swedi alikwenda bila kunawa. Pale mtaa wetu unapoanza kupanda, kwenye yale mawe meusi ya mlipuko wa 2002 ambayo hatujawahi kuyalainisha, Bibi Sumaya alikuwa ameketi juu ya chukudu na mto wake na redio yake, mwenye chukudu amesimama pembeni amekunja mikono. Mama na mwana walitazamana. Bibi Sumaya hakumsalimu. Alishika mbao kwa mikono miwili, akajiweka sawa.

"Sukuma," alisema.

Swedi akainama akasukuma. Gurudumu la mbao liliruka jiwe, likakwama, likaruka jingine, na kanzu ikachanika kwapani. Sisi tukatoka milangoni, tukaanza kupiga makofi. "Munarekodi?" mtu aliuliza. "Kamera iko wapi?" Mwingine akamshauri akohoe. Swedi hakuwa na pumzi ya kujibu. Machozi yalimtoka, na hata hayo hakuwa na pumzi nayo.

"Ku kilima ya Mugunga ilikuwa kama hivi," Bibi Sumaya alisema juu ya kichwa chake, "lakini ndefu."

Nasiba alikuwa amesimama mbele yao na furushi lake, akimtazama mumewe ameinama vile. Kisha akageuka akaanza kupanda, hatua za mtu asiye na haraka.

"Nasiba!" Swedi aliita. "Unaenda wapi? Nisaidie!"

"Endelea tu," Nasiba alisema bila kugeuka. "Mimi natangulia kuangalia njia."